Saa ya Kupwa kwa Maji: Tahakiki ya Hoja za Joto na Mipaka ya Maskani ya Wanyama wa Miamba ya Pwani

Ikisiri

Makala haya yanatahakiki kazi mbili zilizochapishwa katika jarida la Science kuhusu wanyama wa miamba ya pwani ya magharibi ya Marekani: ya Barry na wenzake (1995) na ya Helmuth na wenzake (2002). Ya kwanza inafafanua mabadiliko ya wanyama kwa kutumia wastani wa joto la maji ya bahari. Ya pili inaonyesha kwamba saa ambayo mwamba huachwa wazi na maji yanayopwa inaweza kuwa na uzito kuliko latitudo. Makala yanadai kwamba hoja ya pili ina nguvu zaidi, ingawa haijitoshelezi, na kwamba mipango ya uhifadhi katika mwambao wa Afrika Mashariki itapotoka iwapo itaegemea wastani wa joto la bahari peke yake.

Utangulizi

Mnyama wa miamba ya pwani ana makao mawili mahali pamoja. Maji yakijaa, huwa kiumbe wa bahari, na joto la mwili wake hulingana na la maji yaliyomfunika. Maji yakipwa, huachwa juani, na joto la mwili wake huamuliwa na jua, hewa, upepo na mwamba wenyewe alioushika. Kome aliyeachwa mwambani siku ya jua kali na upepo hafifu anaweza kuwa na joto la mwili linalozidi la hewa kwa nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi.

Kwa sababu hiyo, kusema kwamba joto huamua mahali wanapoishi wanyama hawa ni kusema jambo la kweli lakini pungufu. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ni joto lipi, limepimwa wapi, na kwa saa gani? Kazi mbili zinazotahakikiwa hapa zinalijibu swali hilo kwa namna zinazotofautiana. Tofauti hiyo ina athari kwa watafiti, na zaidi kwa washauri wa sera wanaotakiwa kuamua ni sehemu ipi ya pwani ihifadhiwe kwanza.

Usuli wa mjadala

Mjadala huu una mizizi mirefu. Hutchins (1947) alieleza kwamba joto huweka mipaka ya spishi za baharini kwa njia zaidi ya moja. Kuna joto au baridi inayoua, na kuna joto au baridi inayomwacha mnyama hai lakini ikamzuia kuzaa. Mpaka wa spishi upande mmoja unaweza kutokana na vifo vya kipupwe, na upande wa pili ukatokana na kushindwa kuzaana wakati wa kiangazi. Utengano huo kati ya kufa na kutozaa ni muhimu, na utarejelewa hapa chini.

Ushahidi wa asili ulipatikana Uingereza katika kipupwe kikali cha mwaka 1962 hadi 1963. Ripoti iliyohaririwa na Crisp (1964) ilionyesha jinsi baridi hiyo ilivyoua wanyama wengi wa pwani wenye asili ya kusini. Konokono Phorcus lineatus, kwa mfano, alitoweka katika baadhi ya maskani yake ya kaskazini mwa Wales, kisha katika miongo iliyofuata akarejea kadiri vipupwe vilivyokuwa vya wastani. Kutokana na mifano ya aina hiyo, wengi walijenga picha iliyo rahisi: bahari ikipata joto, wanyama wote watasogea kuelekea ncha za dunia.

Barry na wenzake: nguvu na udhaifu wa wastani

Kazi ya Barry na wenzake ilitia nguvu picha hiyo. Kati ya mwaka 1931 na 1933, Willis Hewatt aliwahesabu wanyama wa mwambani kwenye mstari mmoja ulionyooka katika kituo cha Hopkins, Pacific Grove, California, na akaacha bolti mwambani kuonyesha alikopita. Takriban miaka 60 baadaye, mstari uleule ulitafutwa na wanyama wakahesabiwa upya. Kati ya spishi 45 zilizochunguzwa, spishi 8 kati ya 9 za kusini zilikuwa zimeongezeka, na 5 kati ya 8 za kaskazini zilikuwa zimepungua. Spishi zilizoenea pande zote mbili hazikuonyesha mwelekeo. Katika kipindi hicho wastani wa joto la maji ya ufukweni ulipanda kwa nyuzi 0.75, na wastani wa kiangazi wa mwaka 1983 hadi 1993 ulizidi ule wa mwaka 1921 hadi 1931 kwa nyuzi 2.2.

Nguvu ya kazi hii ni uaminifu wake kwa mahali. Watafiti hawakulinganisha pwani mbili zinazofanana. Walirudi kwenye mwamba mmoja. Aidha, kuzigawa spishi katika makundi ya kusini, ya kaskazini na ya pote kuliwapa kipimo cha ndani: kama chanzo cha mabadiliko kingekuwa uchafuzi au kukanyagwa na watu, hapangekuwa na sababu ya wageni wa kusini kunufaika huku wenyeji wa kaskazini wakidhurika.

Hata hivyo, udhaifu wake upo katika kipimo kilichotumika kama sababu. Joto lililorekodiwa ni la maji, ilhali wanyama waliohesabiwa huishi sehemu kubwa ya uhai wao nje ya maji. Uhusiano kati ya joto la maji na idadi ya wanyama umeonyeshwa. Njia ambayo joto hilo limepita hadi kumfikia mnyama haikuonyeshwa. Je, wenyeji wa kaskazini walikufa juani, walishindwa kuzaa, au walisongwa na wageni? Kazi hiyo haina jibu, na haikuundwa ili ilitoe. Kosa si la waandishi bali ni la wasomaji waliochukua matokeo ya mwamba mmoja wakayafanya kanuni ya pwani zote.

Helmuth na wenzake: saa inapoishinda latitudo

Helmuth na wenzake walianza pale ambapo kazi ya kwanza ilikomea. Badala ya kupima maji au hewa, walitengeneza vinasa joto vyenye umbo na ukubwa wa kome Mytilus californianus, vinavyopata joto na kupoa kama kome mwenyewe. Vinasa hivyo vilipachikwa katikati ya kome halisi katika maeneo mbalimbali kutoka jimbo la Washington hadi California.

Matokeo yalikwenda kinyume na matarajio. Katika pwani hiyo, maji ya kiangazi hupwa mchana katika maeneo ya kaskazini, na hupwa usiku na alfajiri katika maeneo ya kusini. Kome wa kusini, ingawa anaishi katika latitudo yenye hewa ya joto zaidi, hufunikwa na maji jua linapokuwa kali. Kome wa kaskazini huachwa wazi saa hizohizo. Kwa hiyo baadhi ya maeneo ya kaskazini yalikuwa na joto la mwili linalolingana na la kusini au kulizidi. Joto halikupungua kwa mpangilio kutoka kusini kwenda kaskazini, bali lilitapakaa kwa mabaka. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ongezeko la joto linaweza kuwaangamiza wanyama katikati ya maskani yao, na si mipakani tu.

Ubashiri huo ulipata mtihani mgumu. Mwishoni mwa Juni 2021, wimbi la joto liliikumba sehemu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani na magharibi mwa Kanada. Tarehe 29 Juni mji wa Lytton, British Columbia, ulifikia nyuzi 49.6. Siku hizo maji ya Bahari ya Salish yalikuwa yakipwa sana, tena mchana. Mwanabiolojia Christopher Harley alikadiria kwamba wanyama wa pwani waliokufa walizidi bilioni moja. Lakini vifo havikutapakaa sawasawa. Pwani ya nje ya Washington, ambako maji yalipwa mapema zaidi asubuhi, iliathirika kidogo kuliko maeneo ya ndani ambako maji yalipwa karibu na adhuhuri. Wimbi la joto lilikuwa moja; saa za kupwa zilikuwa tofauti.

Mipaka ya hoja ya saa

Pamoja na nguvu hiyo, kazi ya Helmuth na wenzake ina mapengo matatu ambayo msomaji wa sera hapaswi kuyapuuza.

Kwanza, inapima mateso, haipimi vifo wala uzazi. Kinasa joto hueleza kome angefikia joto gani. Hakielezi kama kome huyo alikufa, alidhoofika, au aliacha kuzaa. Utengano wa Hutchins kati ya kuua na kuzuia kuzaa haumo katika hesabu hiyo.

Pili, inamwona mnyama akiwa peke yake. Connell (1961), katika kisiwa cha Cumbrae nchini Scotland, alionyesha kwamba viumbe wadogo wa Chthamalus wanaonata mwambani huweza kuishi chini zaidi ya pale wanapoonekana, ila husongwa na kung'olewa na Balanus; Balanus naye huzuiwa kupanda juu na ukavu. Harley (2011) aliliendeleza wazo hilo. Joto huwashusha kome kutoka juu, na kiti cha pweza anayewala huwapandia kutoka chini, mpaka ukanda wao unabanwa na mahali pengine unatoweka. Pale ambapo ulaji huo ulipungua, kome waliweza kustahimili hata maeneo yenye joto. Kinachomwondoa mnyama, basi, mara nyingi ni joto pamoja na adui, wala si joto pekee.

Tatu, kielelezo chake ni cha nchi za baridi. Stillman (2003), aliyechunguza kaa wadogo wa jenasi Petrolisthes, alionyesha kwamba spishi zinazostahimili joto kubwa zaidi ndizo zenye uwezo mdogo wa kujirekebisha joto linapoongezeka. Kwa upande mwingine, Marshall na McQuaid (2011) walionyesha kwamba konokono wa kitropiki Echinolittorina malaccana hupunguza matumizi ya nguvu mwilini mwamba unapopata joto, badala ya kuyaongeza kama ilivyotarajiwa. Wanyama wa tropiki wana mbinu zao, lakini pia wanaishi karibu zaidi na ukomo wao. Kanuni iliyotungwa kwa kome wa Washington haiwezi kuhamishiwa kwao bila kupimwa upya.

Mwambao wa Afrika Mashariki

Kinachoweza kuhamishwa ni swali, na katika mwambao wa Afrika Mashariki swali la saa lina uzito wa pekee. Maji ya huku hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwa kuwa bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kupwa kwake hurudi takriban saa zilezile kila mara mahali palepale. Unguja, kupwa kwa bamvua kwa mchana huangukia kuanzia kama saa nne asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Siku za maji mafu, miamba ya chini huwa imefunikwa saa hizohizo. Siku mbili zenye joto sawa la hewa zinaweza, kwa hiyo, kuwa salama kwa mnyama au kuwa hatari, kutegemea umri wa mwezi.

Mwezi Machi unaunganisha mambo matatu. Jua hupita utosini katika latitudo za Unguja mwanzoni mwa mwezi huo, bahari inakaribia kilele cha joto lake mwishoni mwa kaskazi, na bamvua za karibu na siku ya mlingano wa usiku na mchana ni miongoni mwa kubwa kuliko zote za mwaka. Wastani wa mwaka, au hata wa mwezi, huificha mikutano hiyo ya saa chache.

Tahadhari za sasa kuhusu kupauka kwa matumbawe hutegemea joto la uso wa bahari linalopimwa na setilaiti. Kipimo hicho kinafaa kwa matumbawe, ambayo huishi chini ya maji. Hakiwafai chaza, kome na konokono wa mwambani. Kwa setilaiti, uwanda wa mwamba ulio wazi na ukuta wa matumbawe wenye kivuli chini ya ukingo wake ni sehemu moja. Kwa mnyama, huo ndio mpaka wa uhai na mauti.

Aidha, hoja ya Harley ina sura yake huku. Bamvua ndiyo huwaita watu, wengi wao wanawake, kwenda kutafuta chaza, kome na pweza. Saa ya jua kali na saa ya mavuno ni moja, na mwamba uliokwisha kudhoofishwa na joto ndio unaovunwa. Sera inayoshughulikia joto bila mavuno, au mavuno bila joto, itakuwa imeona nusu ya tatizo.

Hitimisho

Barry na wenzake walithibitisha kwamba jamii ya wanyama wa mwambani inaweza kubadilika ndani ya umri wa binadamu mmoja, kwa mwelekeo unaolingana na joto. Helmuth na wenzake walithibitisha kwamba mwelekeo huo hausomeki kwenye ramani ya latitudo pekee. Kwa pamoja zinadai mambo matatu kutoka kwa wapangaji wa pwani. Vinasa joto viwekwe kwenye mwamba, juani na kivulini, vikianzia na bamvua za Machi. Kuta na mianya yenye kivuli ihesabiwe kuwa rasilimali ya uhifadhi, badala ya kuonekana kuwa mawe yasiyo na thamani. Na utaratibu wa kufunga maeneo ya pweza kwa muda, unaotumika tayari sehemu kadhaa za magharibi mwa Bahari ya Hindi, uchunguzwe iwapo unaweza kupanuliwa ufunike mwamba katika bamvua za joto kali.

Mengi ya maarifa yanayohitajika kuanza kazi hiyo yamo tayari katika msamiati wa bamvua, maji mafu, kaskazi na kusi, unaotumiwa kila siku na wavuvi na waokotaji. Msamiati huo unaeleza saa, na saa ndiyo inayokosekana katika jedwali la wastani. Watafiti wanaoandika kwa Kiswahili wana nafasi ya kuuingiza katika rekodi za kisayansi, pamoja na tarehe na vipimo vyake, kabla mipango ya pwani haijapitishwa kwa takwimu zisizomwona mnyama aliyeachwa juani.