Mafundi wa Dakika za Lala Salama

Tume ya Ulaya hufunga dirisha la kupokea maandiko ya miradi saa 17:00 za Brussels. Kwa mtu aliyeko Mbeya hiyo ni saa moja usiku wakati wa baridi ya Ulaya, na saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi chao, maana wenzetu husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba na sisi hatuzigusi zetu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, nazo huandika saa 17:00, lakini hiyo ni saa ya mahali alipo mwombaji: kwa chuo kilichoko Iyunga, Mbeya, ni saa kumi na moja jioni ya Iyunga. Afisa wa ofisi ya utafiti anayeijua kazi yake hasomi haya kwenye karatasi. Anayo kichwani kama konda anavyojua nauli ya kila kituo.

Nimekuwa nikiwatazama watu hawa kwa muda sasa, na heshima yangu kwao inazidi kukua. Vyuoni wapo, majina yao huyaoni kwenye machapisho, na wengi huwaona kama makarani wa kugonga mihuri. Mtu wa Ileje mwenye wazo la utafiti ataikuta ofisi ya namna hiyo Mbeya, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kile kilichoanza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi na kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Ataikuta pia Morogoro au Dar es Salaam. Majengo hutofautiana, kazi ni ileile: mtafiti anaingia na flashi mkononi, dirisha linafungwa kesho kutwa.

Tuchukue andiko la kufikirika. Mhadhiri anataka kupima usalama wa maji ya kunywa katika Kata ya Ikinga, wilayani Ileje, na amekuwa akiandika utangulizi wake kwa wiki sita. Utangulizi ni mzuri, hata una ushairi. Bajeti ameiandika jana usiku.

Afisa wetu, ambaye mimi humwita fundi, hamgombezi. Hili lilinishangaza mwanzoni, kwa sababu mimi ningemgombeza. Hamuulizi hata utafiti unahusu nini. Anauliza bajeti iko wapi, mfadhili ni nani, na nani mwenye mamlaka ya kutia sahihi yupo chuoni wiki hii. Katika maswali hayo matatu andiko limeshapangwa foleni. Anatafuta kwanza mambo yanayoweza kuliua kabla halijasomwa na mtu yeyote. Maombi makubwa ya NIH hupewa kurasa 12 za mkakati wa utafiti, madogo kurasa 6, herufi zisiwe chini ya pointi 11, na pambizo zisipungue nusu inchi. Mtafiti aliyebana herufi ili sentensi zake zote zienee amejichimbia kaburi, na fundi hulifukia kwa upole: anampa kalamu nyekundu akate mwenyewe.

Kuna jambo ambalo halirekebishiki kwa siku mbili hata ukilia. Taasisi ya nje ya Marekani inayoomba fedha za serikali ya huko lazima isajiliwe kwenye mfumo wao uitwao SAM, na kabla ya hapo ipate namba nyingine inayoitwa NCAGE. Usajili huo huhuishwa kila mwaka. Aprili 2022 Wamarekani waliacha namba ya zamani ya DUNS wakaleta mpya, na taasisi zilizolala zilijikuta nje ya mlango. Afisa hodari alikuwa amekwisha kulishughulikia hilo zamani, siku ambayo hakuna mtafiti aliyekuwa akimfikiria. Ndiyo maana dakika za lala salama zinamkuta ametulia. Utulivu ule si tabia tu, ni mafaili.

Halafu bajeti. Hapa ndipo ninapopenda kukaa kimya nitazame. NIH kwa kawaida huipa taasisi ya nje asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji, na vifaa vikubwa haviingizwi kwenye hesabu hiyo. Mpango wa Horizon wa Ulaya hutoa asilimia 25. Kwa dola 100,000 tofauti ni kati ya 8,000 na 25,000, yaani umeme, ulinzi na mhasibu wa mradi mzima. Mtafiti aliyenakili jedwali kutoka kwa mfadhili mmoja kwenda kwa mwingine halioni hilo. Fundi huliona kabla hajaketi.

Anayaona na ya Ikinga. Ratiba inasema sampuli zitachukuliwa Januari. Ileje ni milima, na mvua zake huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili; lami ya kutoka Mpemba hadi Isongole ina urefu wa kilomita kama 50, lakini visima unavyovitafuta havipo kando ya lami. Basi ama ratiba isogee hadi Juni, ama bajeti iwe na gari la kupanda milima na siku za ziada. Na kama maji ya masika ndiyo hasa yanayotafutwa, andiko liseme hivyo wazi. Fomu ya ridhaa imeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, vizuri, lakini bibi anayezungumza Kindali nyumbani atahitaji mtu wa kumweleza, na mtu huyo anahitaji posho. Barua ya utambulisho imenakiliwa kutoka mradi wa zamani na bado inamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa wa Mbeya, ilhali Ileje iko katika Mkoa wa Songwe tangu mwaka 2016 na ofisi za mkoa ziko Vwawa. Kutoka hapo barua hushuka wilayani, halmashauri, kwa Mtendaji wa Kata, hadi kijijini, na kila ngazi ina siku zake. Huyu afisa huenda hajawahi kufika Ikinga. Amesoma tu ripoti za waliofika, tena zile kurasa za mwisho za matumizi ambazo sisi wengine huziruka.

Pamoja na yote hayo, sayansi haigusi. Anaweza kuona kwamba swali la tatu la utafiti limelegea, akaweka alama ya kuuliza pembeni na kuendelea. Zimebaki saa ishirini. Anayeanza kuandika upya swali la utafiti muda huo anazama na mwenye andiko. Kujizuia huko, kwa maoni yangu, ni sehemu ngumu kuliko hesabu.

Siku yenyewe ina mbinu zake. Mfumo wa Ulaya huruhusu kupakia andiko upya mara nyingi kabla ya muda kwisha, na toleo la mwisho ndilo linalohesabika. Kwa hiyo fundi hupakia asubuhi andiko lenye mapungufu, ili lolote likitokea kuna kitu kimefika, kisha huliboresha hadi jioni. Hayo aliyafanya hata kabla ya Mei 12, 2024, siku nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota karibu nchi nzima. Baada ya siku ile hakuna aliyemcheka tena. Katibu muhtasi wa Makamu Mkuu wa Chuo ni rafiki yake wa kweli, si wa kusalimiana wakati wa shida, na ndivyo sahihi inavyopatikana bosi akiwa safarini Dodoma.

Nimewahi kusikia pia afisa akisema, “Mwalimu, hili tusilipeleke.” Fedha za bajeti mbovu zikija ni balaa: chuo kitafunga mkataba wa miaka mitatu ambao hakiwezi kuutimiza, na wakaguzi watakuja. Kumwambia mhadhiri mwandamizi hivyo, saa mbili kabla ya dirisha kufungwa, ukiwa chini yake kwa cheo, kunataka moyo. Mhadhiri yule alinuna. Mwito uliofuata aliwahi, akafika na bajeti tayari.

Wewe mtafiti unayesoma haya, siku unapoliona tangazo la mfadhili mwandikie afisa wako mistari miwili: jina la mfadhili na tarehe ya mwisho. Bajeti ifuate, hata ikiwa chafu. Utangulizi wako unaweza kungoja. Na matokeo yakichapishwa, mtaje kwenye shukrani kwa jina lake kamili.