Triga Haichaguliwi kwa Macho

Katika filamu iliyopigwa Williamsburg, Virginia, mwaka 1969, fundi Wallace Gusler anaunda bunduki ya gumegume kuanzia bapa la chuma na pande la mti, kwa zana za karne ya 18. Wengi walioitazama hukumbuka mtutu, chuma chekundu kinavyokunjwa na kuunganishwa motoni. Mimi nakumbuka zaidi tupa. Kazi ya mtambo, yaani sehemu inayofyatua, ni kazi ya tupa na subira: kipande kinapigwa tupa, kinajaribiwa mahali pake, kinatolewa, kinapigwa tupa tena.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe, sawa. Lakini kwa wale wanaoendelea kujiundia nyumbani bunduki ndefu za mtindo wa Pennsylvania, methali hiyo inageuka: asiyejua kuchagua hajawa fundi. Na hakuna panapomuumbua mtu kama kwenye triga.

Mafundi wa zamani wa Lancaster, Pennsylvania, akina Jacob Dickert aliyezaliwa Ujerumani, hawakuwa watu wa kujitia makuu. Wengi wa mafundi wa jimbo lile walinunua mitambo iliyotoka Uingereza na Ujerumani, wakaipachika kwenye mipini waliyoichonga wenyewe. Kununua hakukuwa aibu. Ila walikijua walichokinunua, na kilichobaki wakakimaliza kwa mkono.

Triga sahili ni bapa la chuma linaloning'inia kwenye pini moja, basi. Lakini pini hiyo ikikaa karibu na mkono wa mtambo, ule unaosukumwa na triga, kidole kinapata nafuu. Ikikaa mbali, mwindaji anavuta mpaka shabaha inahama. Tofauti yenyewe ni ndogo, nayo haionekani mti ukishafungwa. Kidole ndicho kinachoijua.

Halafu kuna triga za jozi, ambazo wengi huzitamani. Ya nyuma hutegwa kwanza, kisha ya mbele ikiguswa tu, inafyatuka. Uzuri wake una sharti. Triga ya jozi hupiga pigo moja na kuachia, hivyo ulimi wa mtambo, ule unaoishika nyundo, hurudi mahali pake wakati nyundo ingali njiani. Ulimi huo ungeweza kunasa kwenye pengo la usalama, lile la nyundo iliyovutwa nusu, nyundo ikakwama kabla jiwe halijagonga chuma. Kwa ajili hiyo, ndani ya mtambo hutiwa kijichuma mfano wa punje ya mchele. Nyundo ikishuka, kinaliziba pengo. Nyundo ikivutwa nyuma, kinalifungua. Hakuna mgeni atakayekisifu, maana hatakiona kamwe. Anayenunua triga ya jozi bila kuufungua mtambo na kuhakikisha kwamba kijichuma hicho kimo, amenunua pambo, tena pambo litakaloula ulimi wa mtambo wake mpaka uvunjike.

Siku hizi triga huja kwenye kifurushi, imeng'arishwa, na mnunuzi ameipenda kwenye picha. Anatoboa mti jioni hiyo hiyo. Ikigoma, anaagiza nyingine. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mwaka 1979 kilitoka kitabu Foxfire 5, kazi ya wanafunzi wa sekondari wa milima ya Georgia waliozoea kwenda kuwahoji wazee wao, na bunduki za gumegume zikapewa nafasi kubwa humo. Vijana wale walikuwa na jambo ambalo kifurushi hakina: walikwenda kuuliza, wakakaa kusikiliza jibu.

Vipuri havijaadimika. Vipo vingi, na vingine ni vizuri kuliko alivyoweza kuota Dickert. Kilichoadimika ni mtu wa kukwambia, kabla hujatoa pesa, kwamba triga hii haipatani na mtambo wako. Na kilichoadimika zaidi ni mnunuzi mwenye adabu ya kumsikiliza.