Alama ya Mgongoni na Kazi ya Porini

Hakuna mnyama wa nyumbani aliyetukanwa katika Kiswahili kama mbwa. Tukitaka kumshusha mtu hadhi tunamwita mbwa. Tukitaka kumshusha mbwa mwenyewe tunamwita koko. Hata hivyo wazee wametuachia methali moja inayompa haki yake: mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Methali hii haitaji rangi, kimo wala ukoo. Inataja kazi, na inamtaja yule aliyemfundisha. Hoja yangu yote imo humo.

Mtu akitoka Korogwe kwenda Handeni siku hizi atawasikia vijana wakisifu mbwa chotara. Dume wa jamii ya mbwa wa polisi, au mbwa mwingine yeyote mwenye umbo kubwa, hupandishwa kwa jike wa kienyeji, kwa matumaini ya kupata mbwa mkubwa na mkali wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu, nyani na ngedere. Jambo lenyewe si geni, wala silipingi. Kuchanganya mbegu ni sehemu ya ufugaji tangu zamani. Ninachouliza ni kimoja tu: huyo chotara anapimwa kwa mtihani gani? Nimeongoza chuo cha ualimu kwa miaka mingi, nami najua kwamba anayetunga mtihani ndiye anayeamua atapatikana mwanafunzi wa namna gani. Basi tuisome mitihani miwili ya mbwa wa kuwinda, tuisahihishe kama tunavyosahihisha kazi za wanafunzi.

Mtihani wa kwanza ulitungwa Bulawayo mwaka 1922. Kabla yake, katika karne ya 19, Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wenye mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni. Mwindaji mmoja Kaburu, Cornelius van Rooyen, aliwachanganya mbwa wenye mstari huo na mbwa wa aina mbalimbali kutoka Ulaya. Shabaha yake ilikuwa wazi. Alitaka mbwa wa kumzunguka simba, kumbwekea na kumzuia asiondoke mpaka mwenye bunduki afike, naye mbwa abaki hai. Aliyeweza kazi hiyo alizaa, asiyeweza aliliwa. Kama kuna uchanganyaji uliopimwa kwa haki, ndio huo.

Kisha wakaja watu wa maonyesho. Francis Barnes aliwaita wenye mbwa hao, na kikaandikwa kipimo rasmi cha aina hiyo. Umbo la maandishi liliazimwa kutoka kwenye kipimo cha Dalmatian, mbwa mweupe wa madoadoa aliyezoea kukimbia kando ya magari ya farasi. Uadilifu unanidai niseme kwamba maandishi hayo yanamtaka mbwa awe na nguvu, wepesi na ustahimilivu. Lakini yanayataja tu, hayayajaribu. Kinachochunguzwa kwa makini ni ule mstari wa mgongoni: unaanzia wapi, unaishia wapi, una mizunguko mingapi ya manyoya. Jina lenyewe la mbwa, Rhodesian Ridgeback, limetokana na mstari huo. Ni sawa na kumpa mwalimu cheti kwa mwandiko mzuri, bila kumpeleka kwenye mazoezi ya kufundisha.

Matokeo yake tunayajua. Mwaka 2007 wanasayansi walieleza kwamba mstari huo unatokana na kurudiwa kwa sehemu fulani ya chembe za urithi, na kwamba mbwa aliyeurithi kwa baba na kwa mama yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na tundu jembamba linalotoka kwenye ngozi na kuweza kufika karibu na uti wa mgongo. Mwaka 2008 filamu ya BBC ilionyesha kwamba kanuni za chama kimoja cha wafugaji wao huko Uingereza ziliagiza watoto wasio na mstari wauawe. Fikiri, msomaji: mtoto mzima wa afya anauawa kwa kukosa alama isiyomsaidia kumzuia simba hata kidogo. Na mwaka 2009 uchunguzi wa mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia uligundua kwamba mbwa huyu anayeitwa wa Afrika ana asili ya nje ya Afrika kwa sehemu kubwa, ilhali Basenji wa Kongo yu pamoja na mbwa wa vijijini. Alama ya Afrika ilibaki mgongoni. Damu yake ikapungua.

Mtihani wa pili ni wa zamani zaidi, nao unajulikana vizuri Handeni na Korogwe. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, mate ya mbwa ni najisi. Pamoja na hayo, aya ya nne ya Sura ya Al-Maida inaruhusu kula windo la mnyama aliyefundishwa. Mafakihi wakauliza: aliyefundishwa ni yupi? Wakajibu kwa matendo. Akitumwa, aende. Akizuiwa, asimame. Akikamata, amshikie bwana wake wala asile. Na ayafanye hayo mara kwa mara, mpaka ijulikane kuwa si bahati. Hakuna rangi hapo, hakuna kimo, hakuna ukoo. Hata dini isiyotaka ulimi wa mbwa uguse chungu chake haikumnyima mbwa huyo cheti cha kazi. Kwa upande wa haki, mtihani huu naupa alama za juu.

Lakini nao una upungufu. Unampima mbwa mmoja aliye mbele yetu. Hautuambii tuzalishe nani na nani. Hapo ndipo vijana wetu wanapopotea. Chotara wa kwanza mara nyingi huwa na nguvu kuliko wazazi wake wote wawili, na mwenyewe hujiona amefuzu. Akimzalisha chotara huyo na chotara mwenzake, wajukuu hutawanyika: mmoja mzito, mmoja mwoga, mmoja mgonjwa. Kwa hiyo asifiwe mfugaji aliyewaona wajukuu kazini, si aliyemwona mtoto tu.

Tena kuna mbung'o. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, ameeleza jinsi Wazigua walivyopoteza ng'ombe wao kwa ugonjwa huo wakati wa ukoloni, pori liliporudi palipokuwa na mashamba na malisho. Nagana humpata mbwa pia: hudhoofika, macho yakaingia ukungu, akafa. Mbwa mdogo wa masikio yaliyosimama anayeonekana kijijini leo ni mjukuu wa wale waliopona hayo yote pasipo daktari. Huo ni mtihani wa tatu, ambao haukutungwa na mtu, na hakuna mbwa wa kigeni aliyeufanya kwa muda mrefu kama yeye.

Sisemi turudi kuwinda. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu uwindaji bila kibali, nayo iheshimiwe. Lakini shamba la mahindi bado linahitaji mlinzi. Mwenye kutaka kuchanganya na achanganye, ila achague jike aliyekwisha kulinda shamba, asimzalishe chotara kabla ya kumjaribu misimu miwili, na abakize kijijini majike wa kienyeji wasiochanganywa. Damu ikishamwagwa kwenye damu haichujiki tena. Wapenzi wa Basenji huko Marekani walipoona maradhi ya kurithi yamewazidi mbwa wao, walirudi Zaire mwaka 1987 na 1988 kutafuta mbegu mpya vijijini, na kitabu cha ukoo kikafunguliwa mwaka 1990 ili kuwapokea wageni hao. Wao walikuwa na pa kurudi. Sisi tukiwamaliza hawa tunaowaita koko, tutarudi wapi?