Kumteua Mbwa wa Nyumba Nyololo

Usiku wa Julai, baridi ya Mufindi inapokuwa imekwisha kupenya hata blanketi la pili, mtu alalaye Nyololo, pale njia ya Mgololo inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya, husikia kati ya ngurumo za malori sauti za mbwa wa namna mbili: moja nyembamba na ya haraka, inayoanzia ua mmoja ikaitikiwa na ua wa pili hata kijiji kizima kikajua kuwa kuna apitaye, na nyingine nzito, ya kifuani, itokayo nyuma ya kuta za wenye maduka na yadi za mbao. Ya kwanza ni ya mbwa wetu wa kienyeji. Ya pili ni ya mbwa mchunga wa Kijerumani, ambaye vijana humwita jemani shepadi, na wazee waliofanya kazi kwa Waingereza walimjua kwa jina la Alsesheni.

Aghalabu mtu aniulizapo yupi kati ya hao wawili ni bora, huwa amekwisha kupendezwa na manyoya. Nami humjibu kwa kumuuliza nani atakuwa nyumbani saa sita mchana. Ikiwa baba yu msituni Sao Hill akipasua mbao, mama yu shambani kwenye viazi, na watoto wako shuleni, basi mbwa wa Kijerumani atakayeachwa mnyororoni tangu alfajiri hata magharibi ataharibika tabia, awe mkali kwa wenyeji na wageni pasipo kupambanua, nao ubora wake mwenyewe ndio utakaomponza.

Maana asili yake ni kazi. Mwaka 1899 ofisa wa askari wa farasi wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa ambaye alimpa jina la Horand von Grafrath, akamwandika wa kwanza katika daftari la nasaba ya jamii hiyo, akitaka mnyama awezaye kwenda mchana kutwa kando ya kondoo na kumtii mchungaji hata kwa ishara. Dume aliyekomaa hufika sentimita 60 hadi 65 mabegani, na uzito wake ni kilo 30 hadi 40. Ni muhtaji wa chakula maridhawa, wa matembezi ya kila siku, na wa mtu mmoja mwenye subira ya kumfunza. Asiye na wasaa wa hayo asimchukue, hata apewe bure.

Mwenye wasaa naye ajue kumtazama. Wauzaji hupenda kumtoa kilebu, yaani mtoto wa mbwa, wakiwa wamempakata kifuani, nawe ukaona weusi na hudhurungi ya manyoya, ukaona na uso, ukaridhika. Omba awekwe chini. Kisha omba mama yake atembezwe akikupa mgongo, kwani dosari kuu ya jamii hii imo katika nyonga, nayo hurithiwa. Miguu ya nyuma iende sambamba, kila mmoja ukikanyaga kwa yakini, wala vifundo visigongane, wala kiuno kisiyumbe kama cha mtoto aliyetwishwa ndoo iliyojaa. Na ikiwa akimbiapo huirusha miguu miwili ya nyuma kwa pamoja, mithili ya sungura, shuku kwamba yumo katika maumivu. Halafu mtazame ubavuni. Mgongo ukiteremka mno, hata mnyama akaonekana kama aketiye ilhali anatembea, huo ni mtindo wa maonyesho ya Ulaya, si nguvu, ijapokuwa wako wausifuo. Nilipata kumchukua mmoja wa namna hiyo kwa ajili ya manyoya yake, na alipotimiza miaka minne hakuweza tena kupanda ngazi tatu za baraza yangu. Jambo hilo lanihuzunisha mpaka leo, maana alikuwa mwaminifu, na kosa lilikuwa la macho yangu. Masikio yasikushughulishe: ya kilebu wa wiki nane huwa yamelala, nayo husimama baada ya miezi kadhaa.

Mbwa wa kienyeji hana daftari la nasaba, na cheti chake ni mama yake. Kaa katika ua wa mama huyo kutwa nzima, hasa penye mbuzi, kuku na watoto wadogo. Mama bora humbwekea mgeni angali mbali, hunyamaza mwenyeji amkaribishapo, huachia watoto wamshike mkia, na kifaranga akipita mbele ya pua yake hamwangalii mara mbili. Lakini abwekeaye kila lori hatakufaa kando ya barabara kuu, kwa kuwa utazoea kelele zake na siku ya mwizi hutaamka. Watu humwita mbwa wa kienyeji koko, na jina hilo ni dhuluma. Kukonda kwake ni njaa ya nyumba alimozaliwa, si hulka yake, na akilishwa dona na dagaa ipasavyo huwa mnyama mwepesi, mwenye kifua kirefu na kiuno chembamba, asiyechoka. Hata katika nyumba za Waislamu, ambao sheria yao imewaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na mashamba, huyu ndiye aghalabu hufaa, kwani ameridhika kuishi nje.

Wote wawili wafunue fizi: ziwe na rangi ya waridi, kwa sababu weupe wake ni dalili ya minyoo au viroboto waliokwisha kunyonya damu. Tumbo lisiwe gumu kama ngoma. Kisha piga makofi mara moja nyuma yao, usimchukue akimbiliaye pembeni akakataa kutoka, wala asiyesikia kitu. Mchukue yule ashtukaye, akasita, kisha akaja mwenyewe kuchungulia mikono yako. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe atimizapo miezi mitatu, na irudiwe kama atakavyoagiza daktari wa mifugo. Katika hilo mimi sina mjadala na mtu.

Kwa nyumba nyingi za Nyololo ningeshauri wa kienyeji, na kwa yadi ya mbao yenye ukuta na mlinzi ampendaye mbwa, wa Kijerumani. Baridi yetu humfaa huyu wa pili, kwa manyoya yake ya tabaka mbili, kuliko joto la pwani. Wa kwanza, mwenye manyoya mafupi, ajengewe banda lililoinuliwa kutoka ardhini, mlango wake usielekee upepo, na ndani yake yatiwe maranda makavu, ambayo kwa neema ya misitu yetu hayakosekani. Usiku wa kwanza tia humo na kitambaa alichokilalia pamoja na mama yake.