Hongera, Wapiga Hesabu za Anga

Rubani hupigiwa makofi ndege ikitua. Mpanga safari aliyebaki chini na ramani zake za upepo hana anayemjua. Mimi namvulia kofia yeye. Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, kilomita zipatazo 11,800 kwa njia fupi kabisa, ile inayoonekana kupinda ukiichora kwenye ramani ya ukutani. Umbali ni uleule, lakini kwenda ni kama saa 15, kurudi 14: juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Mpanga safari ndiye huupigia hesabu kila siku, kisha mafuta na akiba yake. Na mafuta nayo, jamani, ni mzigo unaokula mafuta.