Namna ya Kupima Kazi ya Fundi Anayetafuta Mvujo wa Mvuke wa Petroli

Katika gereji za Shinyanga mjini, Kahama, Katoro na Geita, kazi inayomtenga upesi fundi mahiri na fundi wa kubahatisha ni kutafuta mvujo katika mfumo wa kudhibiti mvuke wa petroli, kwa sababu kinachovuja hakionekani, hakidondoki chini kama oili, na aghalabu hakiachi dalili nyingine zaidi ya taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi na harufu ya petroli inayosikika nyuma ya gari. Mwenye gari hawezi kuujua ubora wa kazi hiyo kwa kutazama spea mpya iliyofungwa, hivyo hana budi kuutafuta katika ushahidi ambao fundi aliukusanya kabla ya kuagiza spea hiyo, na katika ule anaoutoa baada ya kuifunga.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa, na katika ukanda huu, ulioinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na wenye jua kali la kiangazi, mvuke huo hutoka kwa wingi. Badala ya kuachwa utoke nje, huelekezwa kwa mpira hadi kwenye kopo lililojazwa mkaa maalumu, ambalo mafundi huliita kanista, na huko hunaswa hadi injini inapowashwa na kupata moto. Hapo valvu ya kufyonzea, iliyo kati ya kanista na injini, hufunguka ili mvuke uvutwe na kuchomwa pamoja na mafuta mengine, huku hewa safi ikiingia kupitia mlango wa pili unaodhibitiwa, katika magari mengi, na valvu ya hewa. California ilianza kudai mfumo wa namna hii kwa magari ya mwaka 1970, Marekani nzima ikafuata mwaka 1971, na kuanzia magari ya mwaka 1996 kompyuta ya gari ilitakiwa huko igundue tundu lenye upana wa milimita 1 tu, kipimo ambacho baadaye kilishushwa hadi nusu milimita.

Wakazi wa ukanda wa dhahabu wanaufahamu mkaa huo kuliko wanavyodhani. Mitambo ya kuchenjua dhahabu kwa sianidi, kuanzia ule wa mgodi mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 hadi ile ya wachenjuaji wadogo, hunasa dhahabu iliyoyeyuka kwa mkaa wenye vitundu visivyohesabika, kisha dhahabu huondolewa humo kwa kemikali na joto, na mkaa ukatumika tena. Kanista ya gari hufanya vivyo hivyo kwa mvuke wa petroli, isipokuwa kinachousafisha mkaa wake ni hewa peke yake. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa kuwa mkaa wa dhahabu, ambao kwa kawaida hutokana na vifuu vya nazi, una vitundu vyembamba mno vinavyong'ang'ania kile vilichokinasa, ilhali mkaa wa magari, unaotokana zaidi na mbao, hutengenezwa uwe na vitundu vipana kiasi ili uachie kwa urahisi. Fundi anayependekeza kufungua kanista na kuijaza mkaa wa mtamboni anastahili kupongezwa kwa ubunifu na kunyimwa kazi.

Dalili ya kwanza ya umahiri hujitokeza kabla ya spana kushikwa, nayo ni maswali. Fundi mzuri huuliza kwanza gari lilitengenezwa kwa soko lipi, na huenda hili likawa swali lenye thamani kuliko yote, kwa sababu magari mengi ya petroli yanayotembea kati ya Shinyanga na Geita, kama vile Probox, IST na Noah, yalitengenezwa kwa ajili ya Japan, ambako mengi hayakuwekewa kipimo kamili cha kujichunguza mvujo, hata kama yana kanista na valvu yake. Gari la aina hiyo linaweza kuvuja miaka mingi bila taa kuwaka, na fundi anayechomeka mashine ya daignosisi, akakuta hakuna namba ya hitilafu, kisha akatangaza kwamba gari ni zima, ametoa hukumu kutokana na ukimya wa shahidi ambaye hakuulizwa kitu. Kosa la kinyume chake hufanywa na waliozoea pikapu za migodini zenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambazo hazina mfumo huu kabisa. Hao huifuata harufu kwenye bomba la mafuta na pampu, wakaisahau njia ya mvuke.

Maswali yanayofuata huhusu kituo cha mafuta. Gari linalosumbua kuwaka mara tu baada ya kujazwa tangi huelekeza shaka kwenye valvu ya kufyonzea iliyokwama wazi, kwa kuwa mvuke mwingi unaosukumwa na petroli inayoingia hupita moja kwa moja hadi kwenye injini. Gari ambalo pampu ya kituoni hujikata kila baada ya lita chache linaweza kuwa na njia ya hewa iliyoziba, na kwa barabara za vumbi ziendazo machimboni, pamoja na udongo mweusi wa mbuga unaoganda chini ya gari wakati wa masika, kuziba huko hakushangazi. Wadudu nao wamo: mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita zaidi ya magari 50,000 huko Amerika Kaskazini baada ya kubainika kwamba buibui wanaovutiwa na harufu ya petroli walikuwa wakifuma utando ndani ya mpira wa hewa. Na mteja aliyezoea kumwambia muuzaji aongeze hadi petroli ionekane mdomoni mwa tangi anapaswa kuelezwa bila kuonewa haya kwamba petroli ya maji inapoingia kwenye kanista huulowesha mkaa na kuuharibu.

Namba ya hitilafu inapopatikana, fundi wa kubahatisha huisoma kama jina la spea. Namba P0455 husema kuna mvujo mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana, na P0457 huhusisha mvujo na mfuniko wa tangi. Hakuna hata moja inayosema kwa uhakika tundu liko wapi. Fundi mahiri huiandika namba hiyo pamoja na kumbukumbu ya hali ya gari wakati taa ilipowaka, wala haifuti kwanza, maana kuifuta ni kupoteza kumbukumbu hiyo. Kisha huanza na vitu rahisi: oringi ya mfuniko iliyokauka, shingo ya tangi iliyoliwa na kutu, mipira iliyokwaruzwa na mawe karibu na gurudumu la nyuma.

Jaribio la valvu ya kufyonzea ndilo linalofaa kutazamwa kwa makini zaidi na mteja aliye tayari kusimama gerejini. Mafundi wengi huipa umeme wa volti 12, husikia mlio wa "tak", wakaridhika, ingawa mlio huo unathibitisha tu kwamba koili inafanya kazi na hausemi lolote kuhusu kama valvu inaziba. Anayeijua kazi huivuta kwa pampu ndogo ya mkono ya ombwe, yaani ya kuondoa hewa, ikiwa haina umeme, na hungoja aone kama mshale wa kipimo unabaki pale pale. Tena anajua kwamba injini iliyopata moto ina haki ya kufyonza kupitia valvu hiyo, hivyo hawezi kuilaumu kabla ya kuchomoa plagi yake.

Kwa mvujo usioonekana, kipimo cha moshi ndicho cha kuaminika kuliko vyote. Njia ya hewa huzibwa, moshi husukumwa ndani kwa shinikizo la takriban kilopaskali 3, na mahali pa tundu moshi hutoka. Shinikizo hilo ni dogo sana likilinganishwa na la kompresa ya kujazia upepo wa matairi, na fundi anayeunganisha kompresa hiyo moja kwa moja kwenye mfumo anaweza kulipasua kopo la plastiki na kujitengenezea mvujo ambao haukuwapo. Kusukuma moshi kwa naitrojeni ni salama kuliko kutumia hewa, kwa kuwa hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli huweza kulipuka, na kwa sababu hiyo hiyo gereji inayopima huku mchomeleaji akirusha cheche hatua chache kando ni ya kukimbiwa, hata ikiwa na mashine mpya kuliko zote mjini. Saa ya kupima nayo ina maana: mchana wa Shinyanga, petroli yenye joto huzalisha mvuke unaopandisha shinikizo na kuufunika mvujo mdogo, ndiyo maana mwenye uzoefu hupendelea alfajiri, tangi likiwa si tupu wala halijajaa.

Madai ya kwamba ukarabati huu utaokoa mafuta mengi yapokewe kwa tahadhari. Tundu dogo hupoteza petroli kidogo. Sababu nzito za kuliziba ni hatari ya moto na mvuke wenye benzini, kemikali inayosababisha saratani, unaovutwa na abiria. Ni valvu iliyokwama wazi pekee ambayo mara nyingi huvuruga mchanganyiko wa injini kiasi cha kuonekana katika matumizi.

Baada ya spea kufungwa, kipimo kile kile kilichoonyesha tundu hurudiwa, kwa shinikizo lile lile, mbele ya mteja. Kufuta taa na kusema kazi imekwisha hakuthibitishi kitu, kwa sababu kompyuta hujipima kwa masharti yake: Toyota nyingi za soko la Marekani, kwa mfano, huwasha pampu yao ya kupimia muda wa saa tano hivi baada ya injini kuzimwa. Kwa gari lenye uwezo huo, mashine ya daignosisi huonyesha kama uchunguzi wa mfumo wa mvuke umekamilika au bado, na hapo ndipo penye jibu. Mwenye gari na akubali kulipia upimaji kama kazi kamili, hata ikiwa kilichopatikana ni oringi ya bei ndogo, lakini abakize sehemu ya malipo hadi atakaporudi na kuonyeshwa kwamba uchunguzi huo umekamilika na hakuna namba iliyorejea.