Mwalimu Mmoja kwa Mwanafunzi Mmoja

Wanaosifu mashini za kufundisha katika vyuo vikuu wanapenda kutaja makala moja ya mwaka 1984. Aliiandika Benjamin Bloom wa Chicago, huko Marekani. Tumeisoma tena, maana wengi wanaitaja na wachache wanaifungua.

Habari yake ni hii. Wanafunzi waligawanywa kwa makundi matatu. Wa kwanza walifundishwa kwa desturi, watu kama 30 mbele ya mwalimu mmoja. Wa pili walikaa vilevile, lakini walipimwa mara kwa mara, na waliokosa walifundishwa tena kabla ya kuendelea. Wa tatu walipata mwalimu wao, mmoja mmoja au wawili watatu pamoja. Mwishoni, mwanafunzi wa kadiri wa kundi la tatu aliwapita 98 kwa mia ya wale wa kwanza. Wa kundi la pili aliwapita 84 kwa mia. Katika hesabu zao faida ya kwanza inaitwa sigma 2, ya pili sigma 1. Bloom akauliza: namna gani tufundishe wengi pamoja, wajue sawa na hao wa tatu? Kumpa kila mtu mwalimu wake ni ghali mno.

Swali ni zuri. Waliokuja nyuma ndio wanaotusumbua. Wanasema mwalimu huyo amekwisha patikana: mwanafunzi anajibu kwa intaneti, mashini inaona alipokosa, inamchagulia zoezi linalofuata. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilianza kufundisha hesabu hivyo pamoja na kampuni Knewton. Sifa zilikuwa kubwa sana. Mwaka 2019 Knewton ilinunuliwa na Wiley, wachapaji wa vitabu.

Lakini majaribio yale ya Bloom, yaliyofanywa na wanafunzi wake Anania na Burke, yalikuwa juu ya watoto wa darasa la nne, la tano na la nane. Yalidumu majuma matatu tu. Hamna hapo kijana wa chuo kikuu hata mmoja! Tena wenye mwalimu wao walidaiwa 90 kwa mia kabla ya kuendelea, na kundi la pili 80 tu. Basi faida ilitoka kwa mwalimu, ao kwa kipimo kilichopandishwa?

VanLehn aliliona jambo hilo mwaka 2011. Alipokusanya majaribio mengi alikuta faida ya mwalimu mtu ni 0,79, wala si 2. Mashini inayomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua ilipata 0,76. Ile inayotazama jibu la mwisho tu, 0,31. Hatukatai kwamba 0,76 ni kitu kikubwa, hasa kwa hesabu na fizika, ambako kila hatua inaandikwa. Kwa falsafa, ambako mtu anatetea neno lake kwa kurasa tatu, tungependa kuona kwanza. Na mkubwa wa chuo anayeletewa mashini aulize: inatazama hatua, ao jibu?

Njia ya kundi la pili, Bloom aliieleza tangu 1968. Inadai karatasi ya maswali kila juma, na profesa anayekubali kurudilia somo kwa waliokosa.